Namanga, Holili au Horohoro: mpaka gani kwa wawili wenye mabegi mgongoni?

Mtu na mwenzake wakishaamua kutoka Tanzania kwenda Kenya kwa barabara, ubishi wa kwanza huwa juu ya mpaka. Mmoja anataka Namanga kwa sababu ndiko wanakopita wengi. Mwenzake ameangalia ramani, ameona Horohoro iko jirani na bahari. Halafu anatokea ndugu wa Moshi anawaambia Holili hakuna foleni. Wote watatu wana hoja, na bado tiketi haijakatwa.

Mpaka wenyewe ndio sehemu ndogo ya safari. Tangu vilipoanza vituo vya pamoja vya mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, kugongewa mihuri ni kazi ya nusu saa hadi saa moja kama hati zenu ziko sawa. Siku yenu italiwa na kilomita za kabla na za baada: foleni ya mji wa Mlolongo nje ya Nairobi, matatu ya Taveta inayosubiri ijae, kivuko cha Likoni cha kuingia Mombasa jioni watu wakitoka kazini. Kwa hiyo tunaipima safari nzima, kutoka stendi mnakopandia hadi kitanda mtakacholalia.

Wanaotokea Mwanza au Musoma wasisumbuke na makala haya. Njia yao ni Sirari–Isebania, na kuzungukia Arusha ni kupoteza siku nzima.

Vigezo

Kila mpaka tumeupima kwa mambo matano: namna ya kuufikia, hali ya pale dirishani, kilomita zinazofuata baada ya mpaka, usalama wa mabegi, na aina ya wasafiri inayowafaa. Nauli zinabadilika mno kuandikwa hapa, ila kanuni yake haibadiliki: kusafiri kwa vipande ni nafuu kuliko gari la moja kwa moja, na vipande vingi maana yake ni kubeba begi mara nyingi.

Yaliyo sawa kote

Haya yasomeni kabla ya kuchagua, maana hakuna mpaka unaoyasamehe.

Pasipoti kwanza. Mtanzania anavuka kwa pasipoti au kwa hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa peke yake kisiwadanganye, hata kama jirani yenu wa mpakani huvuka nacho kwenda sokoni na kurudi. Mmoja wenu akiwa mgeni kutoka nje ya Afrika, Kenya iliacha kutoa viza Januari 2024 na kuweka kibali cha kusafiri cha mtandaoni, kile wengi wanachokiita eTA, chenye ada ya dola 30. Kinaombwa angalau siku 3 kabla, na kinachapishwa. Kwenda mpakani bila kibali hicho kwa matumaini ya kukipata dirishani ndilo kosa linaloangusha wengi kuliko yote, kwa sababu mwenye pasipoti ya Kiafrika Mashariki anapita na mwenzake anabaki. Kwa wageni wa nje wanaotoka Kenya kuja Tanzania, viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, na Mmarekani hulipa dola 100. Ile viza ya pamoja ya utalii ya dola 100 inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo.

Pili, kijitabu cha njano. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo kwenye orodha. Anayekwenda Kenya wiki mbili kisha arudi nyumbani ataulizwa wakati wa kurudi, siyo wakati wa kutoka. Chanjo huhesabiwa kuwa imefanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo sindano ya siku moja kabla ya safari haiwasaidii. Ukishachomwa mara moja, cheti hakiishi muda.

Tatu, mnagonga mihuri upande mnaoingia. Hapa ndipo watu hutangatanga. Mkienda Kenya, mnapita jengo la Tanzania bila kusimama, mnaingia jengo la upande wa Kenya, na humo mnakuta dirisha la kutoka Tanzania na dirisha la kuingia Kenya. Mkirudi ni kinyume chake. Begi moja lisibaki na mtu asiyehusika wakati mnatafuta dirisha ambalo halipo.

Kabla ya kuondoka dirishani, fungueni ukurasa. Muhuri wa kutoka uwe na tarehe ya leo, wa kuingia uwe na tarehe hiyo hiyo, na siku mlizopewa zisomeke. Wino ukiwa hafifu au tarehe imekatika pembeni, mwambieni ofisa hapo hapo, kwa adabu: "Samahani afande, huu muhuri hausomeki vizuri." Ni kazi ya sekunde 10. Mkiligundua siku ya kurudi, itakuwa ni maelezo ya saa nzima.

Nne, vitu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Nguo zenye unyevu zifungeni kwenye mfuko wa kitambaa au begi lisilopitisha maji. Miraa ni biashara halali Kenya, lakini mara inapovuka na kuitwa mirungi, kwa sheria ya Tanzania ni dawa ya kulevya. Msibebe hata kifungu cha kutafuna njiani, wala kifurushi cha mtu aliyewaomba "mshushieni tu mbele". Droni bila kibali cha mamlaka ya anga ya Kenya inaweza kuzuiwa forodhani.

Mwisho, saa. Tiketi iliyoandikwa 6:00 inaweza kuwa saa 12 alfajiri au saa 6 mchana, kutegemea aliyeiandika. Muulizeni karani atamke mwenyewe: alfajiri au mchana? Simu nayo, ikifika mpakani hudaka mtandao wa nchi ya pili kabla hamjavuka na kumaliza salio kwa matumizi ya nje. Zimeni data kilomita chache kabla.

Namanga

*Kuufikia.* Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, lami tupu, saa moja na nusu hadi mbili. Barabara inazunguka Mlima Meru kwa upande wa magharibi, inapita Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, kisha inashuka nyika ya Longido. Magari ni ya kila namna: mabasi makubwa yaendayo Nairobi, Kosta za moja kwa moja, na Noah zinazoishia mpakani. Noah huondoka ikijaa, na "kujaa" kwa Noah kunahesabiwa kwa mapaja, siyo kwa viti. Mkiwa wawili wenye mabegi ya lita 60, ulizeni kabla ya kupanda begi litakaa wapi. Likienda kichwani mwa gari, livalisheni kifuniko cha mvua hata kama jua linawaka, kwa ajili ya vumbi.

Mkitoka Arusha asubuhi, upande wa kulia, yaani nyuma ya dereva, ndio wenye Meru, Mlima Longido, na Kilimanjaro kwa mbali kukiwa kweupe. Ndio pia wenye jua la asubuhi. Mnaokerwa na jua kaeni kushoto, milima mtaikosa.

Wanaotoka Dar es Salaam wajue kwamba kabla ya kilomita hizo 110 kuna zaidi ya 600 hadi Arusha. Basi la alfajiri kutoka stendi ya Mbezi linafika Arusha jioni. Kulala Arusha na kuvuka kesho yake asubuhi ni afya kuliko kuunganisha. Tangu mabasi ya Tanzania yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, kuna safari zinazofika Namanga usiku wa manane. Mpaka huo unafanya kazi saa 24, lakini maduka na vyakula havifanyi, na nyika ile usiku ina baridi kuliko watu wanavyotarajia.

*Dirishani.* Kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi Desemba 2018. Ni kikubwa, kina nafasi, na maofisa wamezoea wageni wa kila pasi, kwa hiyo hata swali gumu la kibali hupata jibu haraka. Tatizo lake ni mawimbi. Mabasi matatu yakiingia pamoja, foleni inakuwa ya watu 150. Mkishuka, msisubiri kupanga shati: mmoja atangulie foleni na mwingine ashughulike na mabegi, kisha mbadilishane. Kila mtu lazima afike dirishani mwenyewe kwa alama za vidole, lakini nafasi ya foleni inaweza kushikwa na mmoja.

Nje ya jengo kuna watu watakaowapa huduma ambazo hamkuziomba: kubadilisha pesa, "kuharakisha" muhuri, kubeba begi hatua 50. Pasipoti inapewa mtu mmoja tu, aliyekaa nyuma ya kioo. Mkibadilisha pesa, fanyeni hesabu kwa kikokotoo chenu, hesabuni noti kabla ya kutoa zenu, na zikataeni noti za Kenya za 1,000 za zamani. Ziliondolewa kwenye mzunguko Septemba 2019 na hazina thamani.

*Baada ya mpaka.* Namanga hadi Nairobi ni takribani kilomita 165 kupitia Bisil, Kajiado, Isinya na Kitengela. Hadi Isinya gari linakwenda vizuri. Kuanzia Kitengela hadi Mlolongo mnaingia kwenye foleni za jiji, na safari ya saa tatu inakuwa ya nne au tano mkifika kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na stesheni ya reli ya SGR ya Syokimau vyote viko upande huu wa jiji. Mwenye ndege au treni asikubali kupelekwa katikati ya mji halafu arudi alikotoka. Mwambieni kondakta mapema, na begi liwekwe karibu na mlango wa buti, lisisukumwe ndani kabisa.

*Mabegi.* Kwenye basi kubwa mara nyingi mizigo yote hushushwa kukaguliwa. Dai kibandiko cha namba ya mzigo pale mwanzo, na piga picha begi likiwa na kibandiko chake. Piga picha pia namba ya gari na omba namba ya simu ya kondakta. Basi husogea mbele ya geti wakati mko kwenye foleni, na mabasi ya kampuni moja yanafanana kama mapacha.

*Inawafaa* wanaokwenda Nairobi au mbele yake, wenye mmoja mwenye pasipoti ya kigeni, na wanaovuka kwa mara ya kwanza. Mkikosa gari moja, lingine lipo.

Holili–Taveta

*Kuufikia.* Ni mpaka wa karibu zaidi kwa aliyeko Moshi, chini ya kilomita 40. Gari linakwenda hadi Himo, kisha linaendelea mashariki kuelekea Holili chini ya Kilimanjaro, katikati ya mashamba. Mnaotoka Dar sikieni hili: basi la Moshi linapita Himo kabla ya kufika Moshi. Shukeni Himo njia panda. Wengi hupitiliza hadi stendi ya Moshi, halafu wanapanda gari lingine kurudi kilomita zaidi ya 25 walizokwisha kuzipita.

*Dirishani.* Kituo cha pamoja hapa kinafanya kazi tangu 2016, na ndicho kitulivu kuliko vyote vitatu. Siku ya kawaida mnaweza kuwa watu wanne tu ndani. Utulivu huo una upande wake wa pili: mabasi ya kimataifa hapa ni machache, kwa hiyo hakuna kondakta wa kuwaelekeza wala wa kuwasubiri. Mnaingia, mnauliza, mnatoka wenyewe.

*Baada ya mpaka.* Hapa ndipo pa kufikiria vizuri. Mji wa Taveta uko kama kilomita 4 kutoka kituoni, na jua la pale si la kutembea na kilo 15 mgongoni. Bodaboda zipo, moja kwa kila mtu na begi lake. Msikubali kupakiwa wawili na mabegi mawili kwenye pikipiki moja kwa sababu ya kuokoa nauli. Kutoka Taveta kuna matatu za Voi, kama kilomita 110 za lami nzuri kupitia Maktau, Bura na Mwatate. Njia hiyo inakatiza hifadhi ya Tsavo Magharibi, na tembo wanaovuka barabara si hadithi ya matangazo. Kwa sababu hiyo hiyo, msisafiri kipande hicho gizani. Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, magari ni mengi lakini yamejaa mikungu ya ndizi na magunia, na begi lenu litakaa chini ya hayo yote. Siku nyingine matatu inaweza kusubiri ijae saa nzima au zaidi. Kanuni yetu ni moja: muwe mmekwishavuka kabla ya saa 6 mchana.

Kutoka Voi barabara inagawanyika. Mombasa ni kama kilomita 155, Nairobi zaidi ya 320, zote kwenye barabara kuu yenye malori mengi. Treni ya SGR inayosimama vituo vya kati inapita Voi: ya kutoka Mombasa hupita asubuhi, na ya kutoka Nairobi hupita mchana. Zote mbili huondoka kwao saa 2 asubuhi. Aliyevuka Holili asubuhi na mapema anaweza kuwahi ya kwenda Mombasa, lakini kuwahi ya kwenda Nairobi ni lazima alale Voi. Nafasi hujaa wikendi na sikukuu, na pasipoti inahitajika kukata tiketi.

*Mabegi.* Hakuna buti la basi kubwa hapa. Begi ni la kuwekwa nyuma ya matatu au miguuni. Mtu mwenye begi la lita 40 anapumua. Mwenye begi la 70 analipia kiti cha pili, na wakati mwingine ni bora alipie kweli kuliko kugombana na abiria saa mbili. Hesabuni mara mnazobeba: Himo, kituoni, Taveta, Voi. Ni mara nne kabla ya kufika mnakokwenda.

*Inawafaa* walioshuka Kilimanjaro na wanataka pwani ya Kenya bila kuzungukia Nairobi, wanaotaka kuona Tsavo, Vilima vya Taita au Ziwa Chala, na wale ambao kubadili magari ni sehemu ya raha yao. Mpaka huu hauwafai wenye ndege ya siku hiyo hiyo.

Horohoro–Lunga Lunga

*Kuufikia.* Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi za lami, kama saa moja na robo. Dar hadi Tanga ni kama 350, kupitia Chalinze, Segera na Muheza, na ukiondoka alfajiri unafika saa za mchana. Yapo pia mabasi yanayokwenda Dar hadi Mombasa moja kwa moja, safari ya saa 9 hadi 12. Kipande cha Chalinze hadi Segera kina malori na vizuizi vya mwendo, na ndicho kinachoamua mtafika saa ngapi.

*Dirishani.* Kituo ni cha pamoja kama vile vingine, si kikubwa sana, na foleni inategemea basi lenu tu. Maofisa wa forodha hukagua mizigo kwa makini kwa sababu biashara ndogondogo za pwani ni nyingi hapa. Waliotoka kuogelea wakumbuke: kombe, simbi na matumbawe ya ukumbusho yanaweza kuwatia matatani. Yaacheni ufukweni.

*Baada ya mpaka.* Lunga Lunga hadi Likoni ni kama kilomita 100, mnapita Ramisi, Msambweni na Ukunda. Njiani kuna vizuizi vya polisi wanaoomba vitambulisho, kwa hiyo pasipoti zikae mfukoni, si ndani ya begi lililoko butini. Wanaokwenda Diani washuke Ukunda. Inasikitisha jinsi wengi wanavyopelekwa hadi Mombasa, wanavuka maji, wanalala, na kesho yake wanavuka tena kurudi kusini kilomita 30.

Wanaoingia kisiwani Mombasa watakutana na Likoni. Kwenye kivuko, abiria hushuka kwenye basi, basi linaingia feri lenyewe, nanyi mnapanda kwa miguu bure pamoja na umati. Geti likifunguliwa watu wanatembea kwa kasi kushuka mteremko. Begi kubwa liacheni butini, begi dogo livaeni kifuani, simu iwe mfuko wa mbele wenye zipu. Mkumbuke pia namba ya basi na mahali kondakta alipowaambia mkutane upande wa pili, na msitengane: mkono wa mwenzako ni bora kuliko simu katika umati ule. Jioni kati ya saa 10 na saa 1 usiku ndipo kunabana zaidi. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Kibundani hadi Miritini, inaepuka kivuko kabisa, na Miritini ndiko iliko stesheni ya SGR ya Mombasa. Mwenye tiketi ya treni aulize kondakta mapema kama gari linapita huko. La sivyo, teksi kutoka Ukunda kupitia Dongo Kundu inaweza kuokoa treni yenu.

*Mabegi.* Kwa basi la moja kwa moja, hii ndiyo njia yenye kubeba begi mara chache. Joto ndilo adui. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na chakula kisichoharibika. Kuku wa asubuhi hafai saa 8 mchana ndani ya basi la Tanga.

*Inawafaa* wanaofuata bahari: Zanzibar, Pangani au Tanga upande mmoja, Diani, Mombasa, Kilifi au Lamu upande wa pili. Kiswahili kinawabeba njia nzima, na hata chakula kinabaki kile kile: mahamri, mbaazi, samaki wa kupaka.

Basi la moja kwa moja au vipande?

Swali hili linakuja baada ya mpaka kuchaguliwa, na jibu lake linabadilika.

Basi la moja kwa moja lina viti vya namba. Kateni tiketi siku moja au mbili kabla, ofisini, na ombeni viti viwili vya pamoja katikati ya basi. Vya mwisho kabisa vinarusha, na vya juu ya tairi vinabana magoti. Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti, maana orodha ya abiria huonyeshwa mpakani. Faida ni kwamba buti ni moja na mtu wa kuulizwa ni mmoja. Hasara ni kwamba mwendo wenu ni mwendo wa abiria mwenye matatizo zaidi. Mmoja akikosa hati, basi zima linasubiri, au yeye anaachwa. Na akiwa ni mmoja wenu, itawabidi muamue papo hapo kama mwingine anashuka naye. Kubalianeni hilo nyumbani, kabla ya safari.

Vipande vinawapa uhuru. Mkichelewa dirishani saa mbili, hakuna basi linalopiga honi. Mnaweza kula, kupumzika, kununua laini ya simu. Lakini kila kipande kina wapiga debe wake na nauli ya kuulizia. Muulizeni abiria aliyekwisha kukaa analipa kiasi gani, siyo anayewaita mlangoni. Na kwa vipande hakuna uhakika wa gari la mwisho la siku.

Kuhusu choo: mabasi mengi hayana. Yanasimama kwenye hoteli za njiani kwa dakika 15 hadi 20, na mara nyingine porini kwa kuchimba dawa. Mwanamke akiwa na kanga begani amepata pazia lake popote. Kunyweni maji kidogo kidogo, na mkifika kituo cha mpakani tumieni choo cha pale hata kama hamjabanwa.

Kwa hali yenu

Mmoja ana pasipoti ya kigeni, au ni mara ya kwanza kuvuka: Namanga, mchana, kwa Kosta ya moja kwa moja kutoka Arusha.

Mna ndege Nairobi: Namanga, mkiondoka Arusha alfajiri kwa ndege ya usiku. Kwa ndege ya mchana, vukeni siku moja kabla.

Mmeshuka mlimani na mnataka bahari: Holili, mkiwa na mabegi madogo na mkiondoka Moshi ifikapo saa 12 na nusu asubuhi. Magoti yakiwa bado yanauma, pumzikeni siku moja Moshi kwanza, kwa sababu ngazi ya matatu na begi mgongoni ni mateso baada ya kushuka Kilimanjaro.

Mnatoka Dar na mnakwenda Diani au Mombasa: Horohoro kwa basi la moja kwa moja. Muda ukiwepo, laleni Tanga usiku mmoja na mvuke asubuhi.

Bajeti imebana kabisa: vipande kupitia Namanga kama mnakwenda Nairobi, vipande kupitia Horohoro kama mnakwenda pwani. Holili kwa vipande ni nafuu kwenye nauli, lakini mkikwama Taveta mtalipa malazi ambayo hamkuyapanga.

Mmesafiri na mtoto, au mmoja ni mjamzito: basi kubwa, viti vya katikati, mpaka wowote ulioko kwenye njia yenu, na usiku mmoja wa kulala kabla ya kuvuka.

Mmefika mji wa mwisho kabla ya mpaka na saa imepita 9 alasiri: kama ni Arusha na mnakwenda Nairobi kwa wenyeji wanaowasubiri, endeleeni. Kama ni Himo au Tanga, tafuteni chumba, mle mapema, na wekeni kengele saa 11 alfajiri.